Mama Mkwe Alivyolima Ufukwe

Nilipoolewa, mume wangu alikaa nyumbani mlimani muda wa kutosha tu kuezeka upya banda la mbuzi, kisha akarudi kazini. Alikuwa mpangusa vioo katika mnara wa taa ya meli, kwenye kisiwa kidogo mbele ya mji wa Tanga. Enzi zile za Mwingereza taa ya namna hiyo haikuruhusiwa kushika vumbi hata kidogo, kwa hiyo likizo zake zilikuwa kama mvua ya Same: watu huizungumzia kuliko inavyonyesha. Mimi nikabaki Upareni na mama yake.

Mama mkwe alivumilia mwaka mzima na kidogo. Siku moja tukipura maharage uani, aliweka fimbo yake chini, akanitazama tumboni kama mtu anayengoja chungu kichemke.

"Mwanangu," alisema, "mtoto haletwi na posta."

"Ndiyo, mama."

"Mumeo anaandika kwamba huko kuna mchanga mweupe, kuna upepo, kuna kimya. Mchanga mweupe utamzalia? Funga mizigo. Nakupeleka mwenyewe."

Nilifurahi mpaka nikaona haya, nikainamia maharage ili asinione uso. Sikujua kwamba neno "nakupeleka" kwa mama mkwe lilikuwa na maana ya kwenda, kukaa, na kuzoea.

Jirani yetu wa ng'ambo ya mfereji alituona tukifunga magunia, akauliza tunakwenda wapi. Mama mkwe akamjibu kwamba tunakwenda kisiwani. Jirani akacheka. Kwetu Kisiwani ni kijiji kilicho chini ya mlima wetu, kwenye joto, penye wafugaji na mashamba. Mtu hushuka asubuhi na kurudi jioni.

"Kisiwani tu ndiyo mbebe nyumba nzima? Basi nipelekeeni kuku huyu kwa dada yangu."

"Sicho Kisiwani hicho," mama mkwe alisema. "Hiki chetu kimo ndani ya maji."

"Hata kwa dada yangu mwaka huu maji yameingia mpaka jikoni," jirani alijibu, akamfunga kuku miguu.

Tulimpeleka kuku. Ilitupasa tupite huko hata hivyo, maana ndiko tulikopandia lori la mahindi lililokuwa likienda Same kwenye stesheni. Dada wa jirani alitushukuru sana, akatuuliza kama tutarudi leo au tutalala.

Katika mizigo yetu kulikuwa na maharage, mahindi ya makande, ndizi, nguo za kanisani, na jembe. Jembe hilo mama mkwe hakulifunga guniani. Alilishika mkononi, mpini na yote, tangu mlimani mpaka ndani ya behewa la daraja la tatu. Gadi wa treni alipopita alisimama mbele yake.

"Mama, jembe la nini humu?"

Kati yetu sisi wawili tulisema Chasu, yaani Kipare, lakini Kiswahili chake cha sokoni kilimtosha. "Watu wa pwani si ndio wanaosema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe?"

"Ndio wanasema."

"Basi mimi nakwenda na langu. Sitaki la mtu."

Gadi akamwomba alilaze chini ya benchi ili lisimkate mtu.

Tulipokaribia Tanga niliona kwa mbali kitu cheupe kilichotanda mpaka mbinguni. Nilidhani ni ukungu. Kwetu asubuhi ukisimama mlangoni unauona ukungu umejaa nyikani chini yako, na vilima vimetokeza vichwa, kisha jua likipanda unaondoka. Mama mkwe naye aliutazama.

"Ukungu wa huku mvivu," alisema. "Saa hizi bado umelala."

Abiria mmoja mbele yetu alianza kutueleza, kisha akaanza kucheka, na kicheko kikamshinda mpaka tukashuka bila kuelezwa.

Mume wangu alikuwa akitungoja bandarini na ngalawa ya mzee mmoja mvuvi, mtu mpole wa swala tano. Sitasema tulivyosalimiana. Tulisalimiana mbele ya mama yake, na hiyo inatosha. Mama mkwe aliingia katika ngalawa kwa magoti, akakaa katikati, akapakata jembe, akafumba macho, akaanzisha wimbo wa kanisani wenye beti nyingi. Kila alipokaribia kumaliza, wimbi lilikuja likatuinua, naye akarudi ubeti wa kwanza. Alihofu kwamba wimbo ukiisha na sisi tumekwisha. Mimi nilimsaidia kuimba kwa kuogopa kutapika. Tulipofika kisiwani, yule mzee alikuwa anapiga kasia kwa mwendo wa wimbo wetu na anaitikia kiitikio, ingawa nadhani mwenyewe hakujua.

Kisiwa kilikuwa kama mume wangu alivyoandika. Mnara mweupe, minazi, mivinje inayovuma hata pasipo na upepo mkubwa, vijumba vichache vya wavuvi, na mchanga. Mchanga ule sijui niueleze vipi kwa watu wa milimani. Ulikuwa mweupe kama unga wa sembe na laini vilevile, ukikanyaga unalia chini ya unyayo. Maji yalikuwa na rangi ambayo sikuwa nimeiona ikitumika mahali popote, si katika kitambaa wala katika ndege. Nilivua viatu nikasimama tu. Mume wangu alinitazama kama vile yeye ndiye aliyevitengeneza vyote.

Nyumba yake ilikuwa ya vyumba viwili, na kati ya chumba na chumba kulikuwa na kiambaza cha makuti kisichofika juu. Mama mkwe akapewa chumba kimoja, sisi kingine. Jioni ile ya kwanza, tulipokwisha kula na kuagana, sauti yake ilivuka makuti kana kwamba ameketi miguuni petu.

"Mwanangu, nini kinachovuma hivyo?"

"Bahari, mama," mume wangu alijibu.

"Hulala saa ngapi?"

"Hailali, mama."

"Basi na mimi silali. Tuzungumze."

Tukazungumza. Tulizungumza jioni ile, na ya kesho yake. Tulizungumza habari za mbuzi wote, za mpaka wa shamba la baba mkubwa, za nani alikohoa katikati ya mahubiri. Mchana mume wangu alipanda mnarani, na aliposhuka mama yake alikuwa mlangoni akimngoja na habari alizokuwa amezisahau usiku. Yeye aliyetutaka tupate mtoto ndiye aliyekuwa amekaa katikati yetu kama gogo mtoni, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua namna ya kumwambia.

Siku ya tatu, kama methali ilivyotaka, aliamka akachukua jembe. Tulitembea naye ufukweni, sisi wawili nyuma, yeye mbele, akipiga mchanga kwa kisigino.

"Shamba hili la nani?" aliuliza.

"Si shamba, mama," mume wangu alisema. "Ni ufukwe."

"Nimeuliza la nani."

"Halina mwenyewe."

"Halina mawe?"

"Halina."

"Halina magugu. Halina mteremko." Alichota mchanga kwa viganja, akauacha uchuruzike. Lazima muelewe, sisi tumezaliwa kwenye ardhi iliyosimama wima. Ukitaka kupanda kunde kwetu kwanza unajenga ngazi ya mawe, na mvua ikija unaifuata ngazi yako bondeni. Mama mkwe alikuwa amepigana na mlima tangu utotoni. Sasa alisimama mbele ya ardhi bapa, laini, tupu, inayoenea mpaka jicho linachoka, na watu wanapita juu yake bila kuigusa. Machozi yalimlengalenga.

"Na mmeliacha hivi hivi," alisema. "Watu wa huku wanaumwa nini?"

Mume wangu akafungua kinywa amweleze. Nilimwona akifungua. Kisha akatazama nyumba yetu, akanitazama mimi, akatazama jembe la mama yake, na kinywa kikafungika polepole.

"Kwa kweli, mama," alisema, "hapa panafaa sana."

Nilimkodolea macho. Hakunitazama.

"Ila si hapa karibu," aliendelea, na sauti yake ikawa ya mtu mkweli kabisa. "Rutuba iko kule mwisho, nyuma ya ile mivinje. Huku karibu na nyumba mchanga umechoka."

Ulikuwa mchanga ule ule.

Basi kuanzia siku ile mama mkwe alikuwa akitoka asubuhi na jembe begani na maharage ya mbegu kwenye kibuyu, na harudi mpaka njaa imrudishe. Na mume wangu, ambaye vioo vyake vilikuwa vimeng'aa kuliko vioo vyote vya pwani, akawa na nafasi. Alinipeleka upande wa pili wa kisiwa, penye kighuba kidogo kisicho na mtu ila kaa wanaotembea kiubavu kama watu wanaokwepa kulipa kodi. Alinifundisha kulala juu ya maji. Mimi nilijifunza kuzama. Nilikunywa maji ya chumvi, nikakohoa, kanga ikanivuka kichwani, nikapiga kelele za Kipare, naye akacheka mpaka akashindwa kusimama akazama na yeye. Sikuwahi kumwona akicheka hivyo nyumbani mlimani, ambako alikuwa mtoto wa watu anayetazamwa na ukoo mzima.

Siku moja tukiwa tumekaa majini mpaka kiunoni, tumeshikana mikono kama wajinga, mama mkwe alitokea kwenye vichaka akitafuta mti wa kufanya mpini mpya. Alitutazama, tukamtazama.

"Shikamoo, mama," nilisema, maana sikujua la kusema lingine.

"Marahaba. Maji ya moto?"

"Ya vuguvugu, mama."

"Vizuri," alisema, akageuka, na tangu siku ile akawa anaimba kwa sauti kila alipokwenda popote, ili asimkute mtu.

Kilichotushangaza ni kwamba maharage yaliota. Kilinyesha kimvua kidogo, jua likachoma, na juu ya matuta yake, yaliyopangwa kwa kamba, vikatokeza vichwa vya kijani. Mume wangu alikwenda kuvitazama, akarudi amekodoa macho kama mtu aliyekuta maiti anapiga chafya. Mama mkwe alitembea kisiwa kizima akialika watu. Aliyekuja wa kwanza alikuwa jirani yetu, mke wa yule mzee wa ngalawa, mwanamke mnene mcheshi aliyevaa kanga moja kiunoni na nyingine kichwani. Alisimama mbele ya matuta, akayatazama, akatazama bahari, akahesabu kitu kwa vidole.

"Bi mkubwa," alisema kwa huruma, "keshokutwa bamvua."

"Nani?"

"Bamvua. Akija huyo hachagui, hufika mpaka hapa tulipo."

"Na aje," mama mkwe alisema. "Sina la kuficha."

Tulipoachwa peke yetu aliniuliza kama namjua Bwana Bamvua. Nilimwambia simjui. Na kweli sikulijua neno hilo. Tukashauriana, tukaona hawezi kuwa mwingine ila bwana shamba, maana kwetu bwana shamba wa serikali ndiye aliyekuwa akipita kukagua matuta na kuwafokea watu. Mama mkwe hakuwa mtu wa kufokewa. Tulipalilia mahali pasipo na majani. Tulinyoosha matuta kwa fimbo. Siku yenyewe mume wangu alikuwa juu mnarani tangu asubuhi, hivyo hapakuwa na wa kutuambia. Tulivaa nguo za kanisani, tukachemsha chai, tukatandika mkeka kando ya shamba, tukaketi kumngoja mgeni.

Mchana ulipita. Bwana Bamvua hakutokea.

"Hawa wote ni wamoja," mama mkwe alisema. "Wakisema asubuhi ujue alasiri."

Alasiri maji yakaanza kusogea. Mwanzo hatukuyajali, maana tulikwisha kuyazoea yakija na kwenda kule chini mbali na shamba. Lakini safari hii hayakusimama mahali pake. Yalipanda pole pole, bila kelele, kwa adabu, yakafika kwenye tuta la kwanza, yakalilamba, tuta likalala.

"We!" mama mkwe alisema, kama anamfukuza mbuzi.

Tuta la pili likalala. Alisimama, akapiga maji kwa jembe. Nilikimbilia birika la chai. Mkeka ukaanza kuelea, na mimi nilipouinamia nikaangukia magoti, na nguo yangu ya kanisani, ile ya arusi, ikajaa mchanga. Mama mkwe alirudi nyuma hatua moja moja huku akipigana, jembe juu, jembe chini, mpaka alipogonga mgongo kwenye mvinje. Vichipukizi vyake vya maharage vilielea mbele yake, vinazunguka taratibu, kisha vikaelekea Pemba.

Jirani alikuja mbio kutuona. Alitukuta tumekumbatia mti, tumelowa mpaka kifuani, birika mkononi.

"Nilikwambieni bamvua!" alisema.

"Ndiye huyu?" mama mkwe aliuliza.

Jioni ile alimweka mume wangu kitako. Nasema kweli, sijapata kumwona mtu mzima akihojiwa hivyo.

"Nataka kujua anayefungua haya maji."

Kwetu swali hilo lina maana. Mlimani tuna ndiva, bwawa letu la kumwagilia, na ndiva lina mtu wake wa kulifungua, na kila shamba lina zamu. Maji yakikufikia si zamu yako, unajua mlango wa kwenda kugonga.

"Hafungui mtu, mama. Ni mwezi."

"Mwezi."

"Ndiyo. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji hujaa sana. Ndiyo bamvua."

"Mwezi huu huu? Mbona kwetu unatoka kila mara na haujapata kumwaga hata kikombe?"

Mama yake alimsogelea.

"Na wewe ulijua."

"Nilijua kidogo, mama."

"Ukaniambia panafaa."

Mume wangu alitazama makuti ya kiambaza. Mimi nilitazama miguu yangu. Nilidhani atakasirika, afunge mizigo, na aibu yote iwe juu yangu. Lakini yeye alikwisha kutuacha kwa mawazo, alikuwa anapima kitu kwa mikono hewani.

"Kama hakuna wa kuyafungua," alisema, "basi hakuna wa kunikataza kuyafunga."

Asubuhi maji yalipokuwa yamekupwa mpaka kule mbali, alianza kujenga ukuta. Aliujenga kama ukuta wa ndiva, kwa mviringo, kutoka mwamba mmoja hadi mwamba wa pili, mbele ya shamba lake lililozama. Mawe ya matumbawe yalikuwa tele, mepesi, makali kama misumeno. Nilimsaidia, nikakatwa vidole vyote. Alichagua kila jiwe, akaligeuza, akaliambia likae, na likikataa analitukana kwa Chasu.

Hazikupita siku nyingi wanawake wa kisiwani wakaanza kuja. Walisimama kwanza, wakanong'onezana, kisha jirani akajifunga kanga, akainua jiwe. Wengine wakafuata. Mama mkwe alinikonyeza kwa furaha.

"Umeona? Msaragambo. Kumbe na wao wanao, walikuwa wanangoja wa kuwaanzishia tu."

Kwetu msaragambo ni kazi ya pamoja, ya barabara au ya mfereji, na mwenye kazi hulisha watu. Kwa hiyo alipika makande, chungu kikubwa cha mahindi na maharage yale ambayo hayakuzama. Wanawake walionja, wakatazamana.

"Bi mkubwa," jirani alisema kwa upole, "umesahau nazi."

"Sikusahau. Haimo."

"Ndiyo nasema."

Kabla hajajibu, nazi ilikwisha kunwa, tui likakamuliwa, likamiminwa. Mama mkwe aliketi pembeni na sahani yake kama mtu aliyeona watu wakipaka nyumba yake rangi bila kumwuliza. Alionja kijiko kimoja. Alionja cha pili ili awe na hakika ya ubaya wake. Alipofika kwenye kupakua mara ya tatu aliniambia kwamba anafanya hivyo kwa heshima ya wenyeji.

Basi walijenga pamoja, yeye akidhani wanamsaidia kuokoa shamba, wao wakidhani anajenga kile ambacho kila mtu wa pwani angekiona katika ukuta ule. Hakuna aliyemwuliza mwenzake. Tulikuwa tumekwenda kwa wiki mbili tu, na sasa miezi miwili ilikuwa inakaribia, na bamvua moja ilipita ukuta ungali nusu, ikamwangushia mawe machache na kumwongezea hasira.

Bamvua iliyofuata ilikuta ukuta umekwisha. Alasiri ile tulisimama sote chini ya mivinje. Maji yalikuja, yakaegemea mawe, na mama mkwe akashusha pumzi. Kisha yakapanda juu ya ukuta kama mtoto anavyovuka kizingiti, yakajaa mpaka kwenye mti wetu. Mama mkwe alirudi nyumbani, akalala na jembe.

Asubuhi tuliamshwa na vigelegele. Jirani alikuwa ufukweni anaruka, pamoja na unene wake.

"Bi mkubwa! Njoo uone mavuno yako!"

Tulikwenda. Maji yalikuwa yamekupwa nje, lakini ndani ya ukuta wa mama mkwe yalibaki kama katika sufuria, na sufuria ilikuwa inachemka samaki. Changu, tasi, wengine wa rangi za kanga, wanarukiana, wanapiga mikia. Wanawake walikuwa wamekwisha kuingia na vikapu, wanangoja ruhusa yake. Ulikuwa uzio wa samaki mzuri kuliko wowote waliopata kuuona, walisema, na wakamwuliza alijifunza kwa nani kupanga mawe hivyo.

Mama mkwe alisimama ukingoni, mikono kiunoni.

"Nilipanda maharage," alisema.

Alitazama samaki, akatazama mbinguni, kisha akajikohoza kama mzee wa kanisa. "Haya. Mavuno ni mavuno. Leteni ungo." Akagawa mwenyewe kwa haki ya msaragambo: aliyebeba mawe makubwa akapata wakubwa, aliyekuja kwa ajili ya makande tu akapata vidagaa, na alimjua kila mmoja. Yeye mwenyewe hakula hata kipande. Kwetu wakati ule kiumbe kisicho na miguu kilikuwa nyoka, hata kivae mapezi. Lakini mkulima haachi mavuno shambani. Fungu lake wanawake walimpasulia, wakalitia chumvi, wakalianika juani, likawa ng'onda, gunia zima.

Ilipokaribia vuli tukarudi, maana milimani kulikuwa na mashamba yasiyoelea. Niliagana na mume wangu kwenye mchanga. Mama yake alitupa kisogo, akaimba wimbo mrefu kwa makusudi, na sasa hata mimi nikaona una beti chache. Kisiwa kizima kilikuja kutusindikiza, na jirani akalia kwa sauti.

Ndani ya behewa gunia la ng'onda liliwekwa miguuni petu. Abiria walianza kuhama kabla ya treni kuondoka. Tulipofika Korogwe tulikuwa na benchi tatu peke yetu. Mimi, ambaye kisiwani niliisikia harufu hiyo kila siku bila neno, ghafla moyo ukanichafuka, nikakimbilia dirishani, nikatapika juu ya mkonge wa watu.

Niliporudi kukaa mama mkwe alikuwa ananitazama kwa jicho lililofinywa. Alilegeza kamba ya gunia, akatoa ng'onda mmoja, akanisogezea puani.

Nikakimbilia dirishani tena.

"Aa," alisema.

"Mama, tafadhali liondoe."

"Mara moja tu, mwanangu. Nihakikishe."

Akahakikisha mara mbili kabla ya Mombo, na mara moja zaidi Hedaru, kwa kuwa wakati huo, alisema, nilionekana nimepata nafuu na hilo lilimtia wasiwasi. Pale Same alimwambia dereva wa lori aendeshe kama amebeba mayai, kisha yeye akaketi mbele na gunia lake, dereva akaendesha nusu ya mwili wake ikiwa nje.

Nyumbani aligawia majirani ng'onda wote bila kuwaeleza kwamba hulowekwa kwanza. Kesho yake walikuja mmoja mmoja, ndimi zimekauka, wakilalamika kwamba wamemaliza maji ya mitungi. Yule wa ng'ambo ya mfereji alikuja na chungu chenyewe, akakitua mbele yetu.

"Onja mwenyewe," alisema. "Onja uniambie kama ni chakula cha mtu."

Mama mkwe hakuweza kukataa mbele ya watu. Alimega kipande kidogo cha samaki, cha kwanza maishani mwake, akakitia kinywani kwa macho yaliyofumbwa, akatafuna. Tulingoja. Akafumbua jicho moja.

"Si mbaya," alisema. "Kinakosa maharage."

Akamimina chungu kizima cha jirani ndani ya makande yetu, akakoroga, akauliza nani anajua zinakouzwa nazi. Mimi sikungoja jibu. Nilikuwa nimekwisha kutoka mbio kwenda nyuma ya migomba, nimeziba pua kwa kanga, huku yeye akiwaeleza wageni kwa sauti kubwa, kwa fahari, sababu ya kukimbia kwangu.